Riwaya za upelelezi nilizosoma ziwa lilipofungwa

Mimi ni mchuuzi wa dagaa, mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Walio kwenye kazi hii wanajua: mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazina maana, mitumbwi inalala ufukweni, na sisi tunalala nayo. Hizo ndizo siku zangu za kusoma. Ila mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Nikajikuta nina muda mwingi na sina kitabu.

Ugonjwa wangu ni hadithi za upelelezi. Na kero yangu ni kwamba muuaji namjua mapema mno, kitabu kinabaki kama mechi uliyokwisha kuambiwa matokeo yake.

Nilianzia kwenye simulizi za WhatsApp. Unatumiwa sehemu tano za bure, halafu unaambiwa tuma elfu moja upate zilizobaki. Nililipia nne. Katika tatu za kwanza muuaji alikuwa rafiki wa marehemu, yule yule aliyelia kuliko wote msibani. Mmoja nilimkamata sehemu ya pili tu, alipoingia na sinia la pilau na mwandishi akatukumbusha mara mbili kwamba ana roho nzuri. Mtu mwenye roho nzuri hahitaji kutangazwa hivyo. Ya nne ilikatikia sehemu ya 37, admini hapokei simu mpaka leo. Hiyo kweli sikuitabiri.

Ndipo nikamwendea mzee mmoja anayepanga vitabu vya mitumba juu ya meza, huku Mwanga. Unanunua kwa 3,000, ukimaliza unarudisha na kuongeza 1,000, unachukua kingine. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, wewe unataka kukimbizwa au kufumbiwa?"

Sikumwelewa. Akanifafanulia kwa kunipa vitabu viwili na kurudi kwenye redio yake.

Cha kwanza kilikuwa cha kukimbizwa: Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha 1974, chenye mpelelezi Willy Gamba. Nilikimaliza kwa usiku mmoja na nusu. Nikarudi kuchukua cha Ben Mtobwa, mtoto wa hapa hapa Kigoma, mwenye Joram Kiango wake. Hawa hawakuulizi sana nani kaua. Adui mara nyingi unamwona anakuja. Kinachokukosesha usingizi ni vipi shujaa atachomoka. Miaka yote nilikuwa nawalaumu waandishi wa namna hii kwamba wanatabirika, sawa na mtu anayenunua samaki wa mgebuka halafu analalamika kwamba hauna ladha ya kuku.

Cha pili kilikuwa fumbo: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapwa 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anaitwa kulifumbua. Hapo ndipo niliposhindwa, tena kwa raha. Nilikuwa nahesabu nani alikuwa wapi saa ngapi, kumbe Bwana Msa anauliza nani ni nani kwa nani. Koo, ndoa, watoto, mambo ambayo kwetu yanasemwa kwa sauti ya chini baada ya wageni kuondoka. Na mwandishi hafichi: anachokisikia Bwana Msa, mwenzake Najum naye anakisikia, na wewe msomaji pia. Najum anakisia ovyo, unamcheka, kisha unagundua ulikuwa umekisia vile vile.

Baada ya hapo nikachukua Kisima cha Giningi, cha 1968, na kuwekeana soda na shemeji yangu. Soda alikunywa yeye.

Kasoro ipo, nisiwadanganye. Kiswahili cha Abdulla ni cha Unguja ya zamani, yapo maneno niliyolazimika kumuuliza jirani mwenye asili ya Pemba, na mazungumzo mengine yanazunguka hadi chai inapoa. Anayetaka risasi ukurasa wa kwanza atakitupa. Mimi ningekisoma tena kesho.

Mpwa wangu naye akaniletea cha Kiingereza, The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie, cha 1926. Wiki mbili, kamusi pembeni. Sisemi neno. Ukikutana na mtu anayetaka kukusimulia, kimbia.

Siku hizi kabla sijatoa pesa nafungua katikati ya kitabu. Kama kuna mmoja anayechukiwa na wote na mwingine anayesifiwa na wote, nakirudisha mezani. Nikikuta watu wanne au watano ambao kila mmoja ana sababu yake ya kunyamaza, nalipa.

Meza ya mzee naipa nyota nne. Ya tano nimemnyima kwa sababu ya kitabu kimoja kisicho na jalada, ambacho kilinishika kuliko vyote mwezi wa saba. Mpelelezi amewakusanya wote sebuleni, amefunga mlango, ameinua kidole, nikafunua, hakuna kitu. Karatasi za mwisho zimenyofoka. Asubuhi nilikuwa Mwanga kabla hajatandika turubai.

"Mzee, nani kaua?"

"Kwani wewe unasema nani?"

Nikasema, kaka wa marehemu. Mzee akacheka hadi akavua miwani akaifuta. Elfu moja yangu alinirudishia palepale. Jina hajanipa mpaka leo.