Kliniki ya kumbukumbu baada ya UVIKO-19: sifa zake na kasoro zake

Kwa mtu aliyepona UVIKO-19 lakini akabaki akisahausahau, akipoteza mtiririko wa mazungumzo na kuchoshwa na hesabu ndogo, kliniki niliyohudhuria katika hospitali moja binafsi jijini Dar es Salaam inafaa, ila si kwa sababu ya MRI, kipimo cha picha za ubongo, inayosifiwa kwenye kipeperushi chake. Thamani yake iko katika chumba cha mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemsaidia mgonjwa kumudu tena shughuli za kila siku.

Daktari alianza vizuri. Kabla ya kutaja UVIKO-19 alipima damu, tezi ya shingo na vitamini B12, akauliza kuhusu usingizi na msongo wa mawazo, kwa kuwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani ya Oktoba 2021 kuhusu hali ya baada ya UVIKO-19 yanataka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 2 na zisiwe na chanzo kingine. Likafuata jaribio la MoCA, la kupima kumbukumbu na umakini, lenye alama 30: kukariri maneno 5, kutoa 7 kutoka 100 mfululizo, kuchora saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Alama zangu zilikuwa za kawaida, lakini hakuniambia kwamba sina tatizo. Alieleza kuwa mhasibu kama mimi anaweza kufaulu jaribio hilo la dakika chache na bado akashindwa kumaliza siku ofisini.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alinitaka niandike shughuli zangu za wiki nzima, akatenga zinazochosha mwili na zinazochosha akili, kisha akanifundisha kupumzika kabla sijachoka. Vikaratasi vyangu vyote vikahamia kwenye daftari moja, na kazi ngumu ikapangwa asubuhi, simu ikiwa chumba kingine. Kumbukumbu haijarudi yote, lakini sasa nafunga hesabu za mwezi bila kurudia safu ileile.

Kilichoniudhi ni kusukumiwa virutubisho vya kumbukumbu, ghali kuliko ada ya daktari, ilhali hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu hali hii. MRI nayo niliikataa: utafiti wa Uingereza wa 2022 uliolinganisha picha za ubongo za watu 785, waliougua na wasiougua, ulionyesha mabadiliko madogo kwa wastani wa kundi, jambo lisilotosha kumtambua mgonjwa mmoja mmoja.

Bima yangu haikulipia tiba kwa vitendo, hivyo ulizeni bei mapema. Nendeni pia na mtu wa nyumbani, kwani maelekezo hutolewa kwa mdomo, tena harakaharaka, kwa wagonjwa ambao shida yao ni kusahau.