Sharp GP2Y0A21YK0F kwenye kinanda: nunua kwa mwangwi na filta, si kwa kupinda noti

Kampuni ya Roland walipoweka sensa ya D-Beam kwenye mashine yao ya muziki ya MC-505 mwaka 1998, mpigaji aliweza kubadili sauti kwa kupitisha mkono hewani. Vinanda vingi vinavyopigwa kwenye harusi za Mombasa havina kitu hicho. Sensa hii ndogo ya Sharp ikiunganishwa na Arduino Uno, kibao kidogo cha kompyuta unachokipangia programu, hufanya kazi kama ile kwenye kinanda chenye tundu la MIDI IN la pini 5, tundu la kupokea amri za muziki kutoka kifaa kingine. Kinanda chenye USB peke yake kitahitaji kompyuta katikati.

Sensa hurusha miale ya infraredi na kupima pembe inayorudi nayo, si wingi wake, kwa hiyo mkono uliopakwa hina na usiopakwa husomwa karibu sawa. Kinachosumbua ni mkono wa kanzu. Ukining'inia, sensa hushika kitambaa na kukiacha kiganja. Ukunje mpaka kiwikoni.

Masafa yake ni sentimita 10 hadi 80, na hapa ndipo wengi hukwama. Kiganja kikiwa sentimita 10 hutoka takriban volti 2.3, kwenye 20 ni kama 1.3, na kwenye 80 ni 0.4. Yaani zaidi ya nusu ya mabadiliko yote huishia kwenye sentimita 10 za mwanzo. Ukipita 40, unasogeza mkono weee na filta, yaani kinachofanya sauti iwe angavu au iliyofifia, haisikiki kubadilika. Kwenye programu, tumia kipande cha 10 hadi 40 tu. Kibaya zaidi, kiganja kikikaribia mno, volti hufika kileleni kisha huporomoka, na filta iliyokuwa wazi hujifunga ghafla katikati ya kiitikio. Ifunge sensa nyuma ya kinanda, chini ya usawa wa vitufe, ikitazama juu. Kwa anayepiga amekaa, ndugu yake GP2Y0A41SK0F ya sentimita 4 hadi 30 ni bora zaidi.

Waya ni tatu: volti 5, ardhi (GND), na ishara inayoingia pini A0 ya Arduino. Weka kapasita ya mikrofaradi 10 au zaidi kati ya volti 5 na ardhi, karibu kabisa na sensa. Usiiruke. Bila hiyo namba hurukaruka na mwangwi hutetemeka hata mkono ukiwa umetulia. Upande wa MIDI, pini ya TX ya Arduino hupita rezista ya omu 220 kwenda pini 5 ya plagi ya MIDI, volti 5 hupita omu 220 nyingine kwenda pini 4, na ardhi huenda pini 2. Kasi ni biti 31250 kwa sekunde. Kila ujumbe ni namba tatu: 176 kwa chaneli ya 1, kisha 74 ya filta au 91 ya mwangwi, kisha thamani ya 0 hadi 127. Tuma thamani ikibadilika tu. Kabla ya kununua chochote, fungua jedwali la MIDI mwishoni mwa kitabu cha kinanda uone kama kinapokea 74, vingine havipokei.

Sensa hutoa kipimo kipya kila milisekunde 38 hivi. Kwenye mwangwi hutasikia kasoro. Kwenye kupinda noti utasikia ngazi, na mwimbaji wa taarabu hawezi kuegemea sauti inayopanda kwa vidato. Ukitaka kuitumia kwa sauti kubwa na ndogo, yaani namba 11 mahali pa 74, geuza hesabu, la sivyo ukiondoa mkono kinanda kinanyamaza.

Jua likiingia moja kwa moja kwenye lenzi, vipimo huharibika. Kwenye hema lililo wazi upande wa magharibi, subiri Maghrib ipite au uweke kivuli. Lenzi ifutwe kwa kitambaa kikavu. Plagi ya waya tatu nayo hushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, kwa hiyo ichomoe na kuichomeka tena kabla ya kila shughuli.