Benchi la zege au kiti cha kusogezwa?

Kwenye bustani au uwanja wa umma, benchi lililojengewa chini haliibiwi, wala halihitaji mtu wa kulipanga jioni. Lakini jua likihama, unabaki unaungua. Mkija wanne mnakaa mstari mmoja, na wa mwisho hasikii kinachosemwa.

Kiti chepesi ni habari nyingine kabisa. William H. Whyte, aliyechunguza viwanja vya umma vya New York miaka ya 1970, aliona watu wakisogeza kiti kidogo tu kabla ya kukaa, hata kama pale kilipokuwa palifaa. Kule kusogeza ndiko kunakomfanya mtu ajione mwenyeji. Bustani ya Bryant Park, jijini humo, ilifunguliwa upya mwaka 1992 ikiwa na viti vya namna hiyo.

Mimi nachagua kiti, ingawa mzee anayehitaji pa kushika anapoinuka atafutiwe benchi imara lenye mikono.