OpenWrt juu ya WDS: VLAN tatu hewani, waya hakuna

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Kama una majengo mawili, waya haupitiki, na unataka VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya vifaa vilevile) zifike ng'ambo zikiwa bado zimetengana, aksesi pointi mbili zenye OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) zilizounganishwa kwa WDS (njia ya kuunganisha aksesi pointi kwa Wi-Fi badala ya kebo) zinafanya kazi hiyo vizuri. Ila uwe mtu wa kuandika amri. Anayetegemea kubofya ataishia njiani.

Kabla ya hapo nilikuwa na kipanua mawimbi cha kampuni ambayo siitaji, boksi lake limeandikwa VLAN kwa herufi kubwa. Kumbe VLAN yenyewe ni ya tundu la kebo tu. Hewani, simu za wageni, kamera na kompyuta ya hesabu zote zilimwagika kwenye mtandao mmoja, tena ruta ikiziona zote kwa anwani moja ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa), ya kipanuzi chenyewe.

Na hata kipanuzi kizuri kingekwama hapo. Fremu (kifurushi cha data) ya kawaida ya Wi-Fi inayotoka kwa mteja ina anwani tatu: ya mtumaji, ya aksesi pointi na ya mlengwa. Hakuna nafasi ya kusema "nimebeba mzigo wa mwingine aliye nyuma yangu." WDS hutumia fremu ya anwani nne, kwa hiyo MAC ya kila kifaa inavuka ilivyo, na tagi ya 802.1Q, alama ya baiti 4 tu inayotaja VLAN ya fremu, inavuka nayo.

Kwangu VLAN 10 ni kazi, 20 wageni, 30 kamera. Upande wa ruta ni ap (aksesi pointi), ng'ambo ni sta (mteja wake), kote nimeweka option wds '1'. Kuungana ni rahisi. Shughuli inaanza baadaye. Kiolesura (mlango wa mtandao ndani ya kifaa) cha daraja, yaani cha kiungo hiki cha hewani, upande wa ruta, kwangu phy1-ap0.sta1, huzaliwa pale ng'ambo inapoungana na hufa inapokatika, kwa hiyo huwezi kukipangia VLAN mapema kama unavyoipangia lan1, tundu la kebo. Nikasakinisha ip-bridge, kifurushi chenye amri ya bridge, nikaandika bridge vlan show. Kiolesura kimo ndani ya br-lan (swichi ya ndani ya kifaa), kina VLAN 10 peke yake, pembeni pameandikwa "PVID Egress Untagged", maana yake VLAN hiyo inapita bila tagi. Yaani 20 na 30 zilikuwa zinatupwa mlangoni. Amri ya bridge vlan add dev phy1-ap0.sta1 vid 20, na nyingine ya vid 30, zikafungua njia. Ng'ambo nikafanya vivyo hivyo. Sasa kuna skripti fupi inayoziandika upya kila kiolesura kinapozaliwa. Kisha tcpdump -e, amri ya kuchungulia fremu zinazopita: "802.1Q", "vlan 30", na MAC ya kamera yenyewe, si ya mtu mwingine. Raha hiyo haielezeki kwa asiyewahi kuhangaika na mitandao.

Wasiopenda skripti wana njia nyingine: kila VLAN ipewe SSID (jina la Wi-Fi) yake na WDS yake. Inabofyeka yote. Lakini kila SSID hutangaza jina lake hewani mara nyingi kwa sekunde, na matangazo hayo hula muda wa redio. Kwa VLAN mbili sawa. Zikiwa tano, siishauri.

Kuhusu kasi, redio ileile ikipokea kutoka kwa ruta na kuhudumia simu, kila fremu inarushwa mara mbili na kasi inabaki nusu hivi. Nimeiachia GHz 5 kazi ya kuvusha tu, wateja wote nimewapa GHz 2.4. Wageni wananung'unika, waendelee. Daraja liko chaneli ya 36 kwa sababu kwenye 52 hadi 64 kifaa hulazimika kusikiliza rada kwa sekunde 60 kabla ya kurusha, na rada ikisikika kinahama.

Chukua vifaa viwili vya aina moja. WDS haina utaratibu mmoja unaofuatwa na watengenezaji wote, na chapa mbili tofauti zinaweza kukataana kabisa.

Nywila ya SSID ya daraja nayo ilindwe kuliko zote. Mwenye nayo akiunganisha kifaa chake kwa anwani nne, skripti ileile itamkabidhi VLAN zote tatu, kamera zikiwemo. Kwa hiyo SSID hiyo ni ya daraja tu, na hakuna simu inayoingia humo, hata yangu.