Mhariri wa Kujitegemea au wa Shirika la Uchapishaji?

Umemaliza mswada wa kumbukumbu za maisha, au historia ya mtaa wenu kule Eastlands, na sasa unatafuta jicho la pili. Hapa Nairobi njia ni mbili.

Ukipokelewa na shirika la uchapishaji, mhariri analipwa na shirika, nawe unasubiri mrabaha, yaani sehemu yako ya mauzo ya kitabu. Lakini wachapishaji wetu wengi wanategemea vitabu vya shule, kwa hiyo mswada wako unaweza kukaa foleni muda mrefu. Neno la mwisho kuhusu jalada na jina la kitabu, mara nyingi, si lako.

Mhariri wa kujitegemea unamlipa mwenyewe, kwa neno au kwa ukurasa. Kabla ya kutoa pesa, mwombe akuharirie kurasa tano hivi za majaribio. Mimi hapo ndipo ninapomjua mtu: yupo anayesahihisha herufi tu, na yupo anayeuliza, "Tarehe hii umeitoa wapi? Huyu jirani amekubali kutajwa?" Kitabu cha mambo ya kweli kinamhitaji sana huyo wa pili. Tena aanze na mpangilio wa sura. Kunyoosha sentensi za sura itakayofutwa ni kupoteza pesa. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, utaiomba mwenyewe kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa.

Kwa kitabu cha kwanza ningemchagua wa kujitegemea, hata kama baadaye ningeupeleka mswada kwa mchapishaji. Angalau ungefika huko ukiwa umeiva.