Kulanti ya Gari la Zamani Linalokaa Tu: Ibadilishwe Lini, na Ununue Ipi?

Assalaam aleykum watazamaji wetu, karibuni. Leo tupo Ngamiani, hapa Tanga mjini, na mezani kuna chupa tatu za kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayotiwa kwenye rejeta: ya kijani, nyekundu, na hii ya bluu ya bei chee. Tunasema na wenye Land Rover Series III, Peugeot 504, Mercedes-Benz W123 na wenzao, magari yanayotolewa Ijumaa na siku za harusi, siku nyingine zote yako chini ya turubai. Wenye Volkswagen Beetle ya zamani mtuwie radhi, injini yenu inapozwa kwa hewa, haina rejeta.

Swali ni hili: gari halitembei, kulanti ibadilishwe ya nini? Jibu letu: hesabu miaka, achana na kilomita. Ya kijani ni kila miaka 2, hata kama gari halikutoka nje ya Raskazone.

Kulanti ina glaikoli, inayofanya maji yachelewe kuchemka, na ina dawa za kuzuia kutu. Glaikoli hukaa sana. Zinazoisha ni dawa, kwa sababu zinajitandaza juu ya chuma, shaba na alumini na kutumika kidogo kidogo hata injini ikiwa imezimwa. Zikiisha, hewa iliyomo inaigeuza glaikoli kuwa tindikali, na tindikali inaanza kula. Gari lililosimama lina taabu ya ziada: tope la kutu linatuama ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, upande wa nyuma karibu na silinda ya mwisho, na hakuna mzunguko wa kulisukuma. Hapo ndipo injini inachemka wakati rejeta ni nzima kabisa.

Sasa chupa. Hii nyekundu ni ya maisha marefu, imeandikwa miaka 5, na kwenye gari la kisasa ni nzuri sana. Kwenye rejeta ya shaba iliyochomelewa kwa risasi hatuipendekezi, isipokuwa kitabu cha gari kiwe kimeiruhusu. Kinga yake hujengeka polepole, na baadhi ya aina zake hazielewani na risasi wala gasketi kuukuu. Usiichanganye na ya kijani: dawa zinagongana, na unaweza kupata ute unaoziba njia.

Hii ya bluu, geuza chupa usome. Haisemi ina glaikoli asilimia ngapi, haina namba ya kiwango chochote. Iache dukani. Rangi haithibitishi kitu, kila kiwanda kinatia rangi kinayotaka.

Tunachukua kijani, ile nzito isiyochanganywa maji, yenye maandishi BS 6580 au ASTM D3306. Kabla ya kulipa, tikisa chupa uiangalie kwenye mwanga. Iliyokaa rafuni miaka mingi huweza kuganda chini kama uji wa jana. Hiyo dawa yake imeshajitenga.

Na maji? Hapa Tanga hili ni kubwa kuliko chupa yenyewe. Ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi, na visima vya karibu na bahari vina chumvi. Chokaa inaganda kwenye mirija ya rejeta, chumvi inatoboa silinda hedi ya alumini, na 504 inayo hiyo. Tumia maji ya betri yaliyosafishwa. Soma lebo vizuri, msije mkauziwa maji makali, ile ni asidi.

Kubadilisha. Injini ipoe kabisa, usifungue kifuniko cha rejeta cha moto kamwe. Weka hita kwenye joto la juu ili njia yake nayo ifunguke. Fungua koki ya chini ya rejeta, kisha tafuta nati ya kumwagia ubavuni mwa bloku. Mafundi wengi wanairuka, na lile tope liko hapo. Ukifungua kisitoke kitu, ingiza waya mgumu uchokoe mpaka kitoke. Toa themostati, ile valvu inayofungua njia ya kulanti kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, suuza kwa maji mpaka yatoke meupe, suuza ya mwisho iwe kwa maji ya betri. Rudisha themostati na gasketi mpya.

Kipimo ni nusu kwa nusu. Mfumo wa lita 8 unataka lita 4 za kulanti. Tanga hakuna barafu, lakini usishuke chini ya theluthi moja, dawa zitakuwa chache mno. Anza na hizo lita 4 zote, ndipo ujazie maji, kwa sababu ndani ya bloku kuna maji ya kusuuzia yaliyobaki. Mimina polepole, bonyeza mpira wa juu wa rejeta hewa itoke, washa mpaka mpira huo upate moto, zima, ipoe, ongeza. Rejeta isiyo na chupa ya akiba iache sentimita 2 au 3 chini ya mdomo.

Katikati ya miaka hiyo 2, pima kwa karatasi za pH, zinazoonyesha kama kulanti inageuka tindikali. Ikishuka chini ya 8, badilisha bila kungoja. Kile kifaa cha kupima glaikoli kwa mwanga hakitakuambia hali ya dawa; kitasema nusu kwa nusu huku kinga imekwisha zamani.

Kila baada ya wiki mbili hivi endesha gari mpaka themostati ifunguke, dakika 20 au zaidi barabarani. Kuwasha dakika 5 uani hakuzungushi kulanti kwenye rejeta, na kunaacha unyevu kwenye oili na ekzosi. Mwenye mpango wa kupanda Mombo kwenda Lushoto aangalie na mipira: iliyovimba au kupasuka kwenye klampu ibadilishwe siku hiyohiyo ya kulanti.

Ile ya zamani usiimwage uani wala mtaroni. Ni tamu na ni sumu kali, mbuzi na paka wanainywa na kufa. Itie kwenye dumu lenye kifuniko, liandike, liweke mbali na watoto, kisha ulipeleke gereji inayokusanya kemikali chafu.