Uzoefu wangu na kisoma misimbo cha Bluetooth kwenye gari la zamani lenye P0171

Niseme mapema: kifaa hiki kidogo nakipenda, na sababu si ile iliyoandikwa kwenye boksi lake. Boksi linasema kinasoma na kufuta misimbo ya hitilafu. Ni kweli, lakini kusoma msimbo ndiyo kazi yake ndogo kabisa. Faida yake niliipata kwenye namba zinazobadilika wakati injini inanguruma.

Ni kile kidude cha aina ya ELM327 kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, kisha kinaongea na programu kwenye simu. Gari langu ni la zamani, injini ya lita 1.8, silinda nne, yenye sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Barabarani lilikuwa linakwenda vizuri tu. Shida ilikuwa kwenye sailensi: ukisimama na kuachia mafuta, injini inatetemeka, usukani unacheza, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Taa ya injini ikawaka, nikachomeka kifaa, kikaleta P0171.

Msimbo huo unasema mchanganyiko ni mwembamba upande wa kwanza wa injini, yaani hewa imezidi kipimo kwa mafuta yaliyopo. Injini za V, zenye silinda pande mbili, zina P0174 pia, kwa upande wa pili. Basi, umeishia hapo. Haukutajii kipuri. Watu wengi wakiuona wanaambiwa wanunue sensa ya oksijeni, na inaniuma kila ninaposikia hivyo, kwa sababu mara nyingi sensa hiyo ndiyo pekee inayosema ukweli. Inanusa moshi, inakuta oksijeni imezidi, inaripoti. Kuipima ni rahisi ukiwa na kifaa hiki: injini ikiwa ya moto, piga resi ya ghafla, volti ipande kuelekea 0.9, achia mafuta, ishuke karibu na 0.1. Yangu ilifanya hivyo haraka, nikaiacha mahali pake. (Baadhi ya magari yana sensa ya aina nyingine mbele ya katalisti (kisafisha moshi cha ekzosti), hayo hayasomeki kwa volti hizi.)

Namba nilizozitafuta ni mbili, kwenye skrini zinaandikwa STFT (marekebisho ya mafuta ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Hizi ndizo asilimia ambazo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko ukae karibu na uzani wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Ya kwanza inabadilika kila sekunde. Ya pili ni mazoea ambayo kompyuta imejifunza taratibu. Gari lenye afya hucheza karibu na sifuri, na hata likifika 5 au 8 juu au chini hakuna neno. Zikijumlishwa zikakaribia 25, kompyuta nyingi zinakata tamaa na kuwasha taa. Sharti ni moja, injini iwe imepata moto. Ikiwa baridi kompyuta haimsikilizi mtu, inamwaga mafuta kwa makadirio yake yenyewe.

Kwenye sailensi gari langu lilisoma LTFT 19 na STFT inayozungukia 6. Nikashikilia mafuta kwenye mizunguko 2,500, nikasubiri namba zitulie. Jumla ikashuka hadi 7.

Kushuka huko ndiko kulikonipa jibu, na ningependa kila mwenye gari la zamani akuelewe. Tundu linalovuta hewa ya wizi, yaani hewa isiyopita kwenye MAF, lina ukubwa uleule siku zote. Kwenye sailensi throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli) imefungwa, injini inanyonya kwa nguvu lakini inakula hewa kidogo sana, kwa hiyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya chakula chake. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inaingia kwa wingi na ile ya wizi inamezwa humo. Kwa hiyo namba zikiwa mbaya kwenye sailensi na nzuri kwenye resi, tafuta uvujaji wa hewa baada ya sensa. Zikiwa nzuri kwenye sailensi halafu zinapanda kadiri unavyolipa gari mzigo, geukia upande wa mafuta: pampu iliyochoka, chujio lililoziba, au MAF chafu inayohesabu hewa pungufu. Kifaa kimoja, dakika chache, na tayari umejua kama pesa yako iende kwenye mpira au kwenye pampu.

Ushahidi wa pili ulikuwa kwenye MAF yenyewe. Injini ya ukubwa huu kwenye sailensi hutarajiwa kusoma gramu 2 hivi kwa sekunde au zaidi kidogo. Yangu ilikuwa chini ya hapo, kwa sababu hewa inayopita mlango wa uani haihesabiwi mlangoni. Halafu kuna ile picha ya kumbukumbu ambayo kompyuta huihifadhi msimbo unapoingia: mwendo sifuri, maji ya rejeta nyuzi 88, mizunguko chini ya 800. Gari lilikuwa limesimama, la moto, kwenye sailensi. Kila kitu kilikuwa kinaelekeza sehemu moja.

Kifaa hakikunionyesha tundu lenyewe, na hakiwezi. Hapo ni macho, masikio na vidole. Wapo mafundi wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio na kusikiliza mizunguko ikibadilika. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inawaka moto kwa urahisi na unaipuliza juu ya ekzosti ya moto, mimi sikuitaka. Mashine ya moshi, inayojaza moshi kwenye njia ya hewa ili utokee penye tundu, ndiyo bora na salama zaidi ukipata fundi mwenye nayo. Mimi nilianza na mipira, hasa ule wa PCV unaorudisha mvuke wa oili kutoka kwenye kifuniko cha vali hadi kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Kwa juu ulionekana mzima, mweusi, unang'aa. Nilipopitisha kidole chini ya kona yake, pale unapopinda karibu na manifoldi, kikazama. Mpira ulikuwa umelainishwa na oili hadi ukawa kama tope, na ufa wa urefu wa ukucha ulikuwa unafunguka kila injini inapovuta.

Kabla ya kununua chochote nikataka uthibitisho. Nikafunga kitambaa kwenye plaizi, nikaubana mpira kati ya ufa na manifoldi injini ikiwa inanguruma, simu ikiwa juu ya rejeta nikiitazama. STFT ikaondoka kwenye 6, ikapita sifuri, ikaenda hasi 14, hasi 15. Mtetemo ukakata papo hapo. Hasi hiyo isikutishe: LTFT bado ilikuwa inaongeza 19 kwa mazoea, kwa hiyo STFT ilibidi ipunguze. Mpira mzima wa PCV ukiubana namba haziruki hivyo, kwani hewa yake imeshahesabiwa na MAF. Niliweka mpira mpya na klipu mpya, na LTFT ikashuka kidogo kidogo kila nilipoendesha mpaka ikatulia kwenye 3. Taa sikuifuta kwanza. Nilitaka kuona kompyuta ikijirekebisha yenyewe.

Kuhusu kitufe cha kufuta, naomba kisibonyezwe haraka. Kinaondoka na msimbo, ile picha ya kumbukumbu, na mara nyingi hata mazoea ya LTFT, yaani ushahidi wote. Pia kinarudisha majaribio ya ndani ya kompyuta kwenye hali ya "bado", na gari likipelekwa ukaguzi wa moshi siku hiyo linaweza kukataliwa.

Kasoro kinazo. Kwenye gari la zamani lisilotumia CAN (mtandao wa kasi wa kompyuta za gari) namba zinakuja polepole sana, kwa hiyo chagua tatu au nne tu za kutazama, ukiweka kumi utasubiri hadi uchoke. Vingi sokoni ni nakala za ELM327, na baadhi vinajitangaza kuwa toleo jipya huku amri nyingine havizijui. Changu hukata mawasiliano mara mojamoja na lazima nikichomoe na kukirudisha. Wenye iPhone wahakikishe ni cha Bluetooth LE au Wi-Fi, vingi vya Bluetooth ya kawaida havitaunganika. ABS na eabegi hakisomi. Na kuwa na soketi ya pini 16 si hakikisho: Marekani ililazimisha OBD2, lugha ya pamoja ambayo vifaa hivi husoma, kuanzia magari ya modeli ya 1996, Ulaya magari ya petroli kuanzia 2001, lakini magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yanaweza kuwa na soketi hiyo na bado yasiongee lugha hii.

Jambo moja zaidi kwa wenye injini zinazotumia MAP (sensa ya presha ya hewa ndani ya manifoldi) badala ya MAF. Huko hewa ya wizi inapimwa pamoja na ile nyingine, kwa hiyo uvujaji huonekana zaidi kwa sailensi kupanda juu kuliko kwa P0171. Msimbo ukija kwenye gari la namna hiyo, mimi ningeanza na presha ya mafuta, kisha ufa kwenye ekzosti kabla ya sensa ya oksijeni, kwani ufa huo huvuta hewa ya nje na kuidanganya sensa.

Nikimaliza kupima nakichomoa. Kikibaki kwenye soketi kinaendelea kula betri hata gari likiwa limezimwa, na gari likikaa siku nyingi bila kuwashwa betri inaweza kuisha.